Daftari la Jumanne

Jumanne saa kumi, bwalo la shule lanuka kabichi.
Twaingia mmoja mmoja, tukikung'uta theluji viatuni:
chama cha wamwagiliaji, umoja wa madereva,
akina mama wa Ak-Oruk na akina mama wa Zardoluzor
waliopeana mgongo sokoni tangu kiangazi kile,
walimu wawili, muuguzi, na kijana wa redio
ambaye kila mara husahau betri.
Mimi kazi yangu kalamu.

Dalili ya mvua ni mawingu, hilo kila mtu alijua.
Sisi tunatafuta dalili ya mawingu.

Ergeshbay wa madereva huanza:
dizeli imepanda, na si kwa sababu ya barabara.
Kuna mtu ananunua madumu kwa madumu na hana trekta.
Andika.
Mwalimu Saodat: watoto watano wa ng'ambo ya mfereji
hawajaja tangu Alhamisi. Si mafua. Nimepita kwao, wanacheza.
Andika.
Muuguzi: wameniulizia bandeji
wanaume ambao hawajawahi kuugua.
Andika.
Ufunguo wa lango la maji haujulikani uliko,
na wiki tatu zijazo miaprikoti itaanza kudai.
Hapo hakuna aliyesema andika.
Niliandika.

Kazi hii yaitwa tathmini ya hatari,
neno lililotoka mjini limevaa tai.
Burulcha, ambaye hakusoma, huiita
kunusa maziwa kabla ya kumpa mtoto.
Ndiye aliyeuliza, kama aulizaye bei ya vitunguu:
Na mawe? Nani amepandisha mawe juu ya paa?

Kalamu ikasimama.

Nyumba ya tatu kutoka darajani, bati la buluu.
Chini ya turubai, mawe ya mtoni, kila moja kadiri ya ngumi,
yamepangwa na mtu mwenye subira.
Usiku nayasikia yakigongana baridi ikiyabana.
Kaka yangu Tilek huyapandisha kwa ndoo baada ya chakula,
kisha hufuta miguu mlangoni
kwani mama hapendi matope.

Ni mara ngapi nimeandika paa la jirani
kwa mwandiko mzuri, wino usiotetemeka?

Nikaandika. Nikasoma kwa sauti nilichoandika.
Bomba la jiko likatoa mlio, basi.
Mavjuda wa Zardoluzor, aliyeunguliwa ghala na ng'ombe wawili
(na moto ule ulivuka mfereji ukitokea kwetu, najua),
akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio:
"Ya kwetu yako zizini. Mwanangu asema ni ya kujengea."
Akairudisha miwani.
"Hatujengi kitu."

Hatukukumbatiana. Isije ikasemwa hivyo.
Tuligawana miguu: Ergeshbay kwa mwenye madumu,
Saodat kwa wazazi, mlango kwa mlango;
fundi akatia kufuli mbili langoni,
ufunguo mmoja huku, mmoja kule,
maji hayatoki mpaka wawili wasimame pale,
hata kama hawasalimiani.

Tilek alinitukana siku mbili.
Siku ya tatu alishusha ndoo kumi na saba
tukazibia kingo za mfereji zilipomong'onyoka.
Zilizobaki hakuzishusha.
Nimeandika na hilo.

Sasa kuna fomu, ina kisanduku: Matokeo.
Nimekikodolea macho juma zima.
Maiti ambaye hakufa hana jina la kujaza,
paa ambalo halikuungua lafanana na paa lolote.
Ndoo kumi na saba, niliandika. Kufuli mbili.
Watoto watatu kati ya watano.

Leo Jumanne. Kabichi tena.
Theluji imekuwa tope, mlango hauishi kufutiwa miguu.
Kijana wa redio ameleta betri, redio ameisahau.
Nafungua ukurasa, naulainisha kwa kiganja.
Ergeshbay akohoa, avuta kiti.
Dizeli, asema.
Andika.